Zaka ya Mahindi ya Malka

Masomo: 1 Wafalme 21:1-16, 2 Samweli 24:18-24, Kutoka 22:5, Mathayo 5:23-24

Katika mafundisho ya Jumatano liliulizwa swali ambalo hatukulimaliza. Muda uliisha, ndiyo, lakini nadhani pia lilituuma. Mtu akipanda mahindi katikati ya malka, akavuna, akaleta fungu la kumi madhabahuni, je, kanisa lipokee?

Kwa wageni walio nasi, malka ni njia ya ng'ombe kuteremka mtoni kunywa maji. Sisi tunalima kando ya Tana kwa sababu mto ukifurika hutuachia udongo mzuri. Ndugu zetu wafugaji, Waorma na Wardei, mvua ikinyesha wanakaa na mifugo yao mbali na mto, na kiangazi kikikaza wanarudi. Ng'ombe hatumiwi maji kwa M-Pesa. Lazima afike mtoni mwenyewe, na mashamba yetu yamejipanga ukingoni kama ukuta. Malka ndiyo mlango wa ukuta huo.

Tuanze na Nabothi, maana hadithi yake watu wa Delta tunaipenda. Ahabu hakuanza na wizi. Alianza na ofa, na kwa mtu aliyesoma biashara kama mimi, ilikuwa ofa nzuri: shamba bora kuliko lile, au pesa taslimu. Nabothi alikataa kwa sababu urithi wa baba zake haukuwa bidhaa. Ndipo zikaandikwa barua zenye muhuri wa mfalme, wazee wa mji wakaketi, mashahidi wawili wakapatikana. Ukifungua faili ya kesi ile, kila karatasi iko mahali pake. Damu tu ndiyo haimo kwenye faili.

Hapa kwetu hizo karatasi tunazijua. Miaka ya 1990 TARDA ilipata hatimiliki ya zaidi ya hekta 28,000 katika Delta. Mradi wake wa mpunga ulivunjwa na mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998. Mwaka 2008 ukaja mpango wa TARDA na kampuni ya Mumias wa kupanda miwa kwenye hekta 20,000 hivi, na NEMA ikauidhinisha. Watu wakaenda mahakamani, mkulima na mfugaji upande mmoja. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ikaagiza kwamba mipango ya ardhi ya Delta ifanywe kwa kuwashirikisha wenyeji. Shamba lile la miwa halikutokea, na Mumias yenyewe ililemewa na madeni mpaka benki ikaichukua mwaka 2019. Katika mambo hayo sisi sote tulikuwa Nabothi, na tulilia kama Nabothi.

Sasa wacha nikuulize, mpendwa. Yule anayepanda mistari kumi ya mahindi ndani ya malka, yeye ni nani katika hadithi? Tumezoea kudhani Ahabu lazima awe na ikulu. Huyu ana jembe na panga tu, na ana watoto wa kulisha. Ukimuuliza atakwambia ni ardhi ya babu. Inawezekana kabisa ni ya babu. Lakini ni babu huyohuyo aliyeiacha njia wazi, akalima upande huu na upande ule. Amekurithisha shamba na amekurithisha njia. Huwezi kupokea kimoja ukasema kingine hukukiona.

Chuoni tulifundishwa kuweka hesabu ya mapato na gharama. Tuseme kipande hicho cha malka kinatoa magunia matano. Toa mbegu, toa palizi, kinachobaki ni faida. Hesabu imefunga vizuri. Lakini kuna gharama ambayo haikuandikwa kwenye daftari lako kwa sababu hukuilipa wewe: kundi zima linalozunguka kutafuta njia nyingine na kiu yake, ndama anayebaki njiani, mchungaji mdogo anayechoka akaamua kupita popote. Na pengine popote ni shamba la jirani yako, ambaye hakupanda hata shina moja kwenye malka. Yeye ndiye anayelipa.

Ndiyo maana nampenda Daudi pale kwenye uwanja wa Arauna. Arauna alitaka kumpa bure kila kitu, ng'ombe na kuni na uwanja. Daudi akakataa kumtolea Mungu sadaka ambayo haikumgharimu yeye mwenyewe. Zaka ya malka iko mbali zaidi: imegharimu, lakini aliyegharamika ni mtu mwingine.

Najua kuna anayesema, "Mchungaji, na ng'ombe wakiingia kwangu usiku?" Swali la haki. Kutoka 22:5 inamtaka mwenye mnyama aliyekula shamba la mtu alipe, tena kwa mazao bora ya shamba lake. Asilete makapi. Kwa hiyo mfugaji anayeingiza ng'ombe shambani makusudi ana deni, na wazee wa Matadeda wanapaswa kumwambia hivyo bila kumbembeleza. Lakini soma tena mstari ule. Haumwambii mkulima amkate ng'ombe mguu. Tunajua panga la ng'ombe linaishia wapi. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 Delta ilizika watu zaidi ya 100, akina mama na watoto wakiwemo, kuanzia Riketa mpaka Kilelengwani na Kipao. Siasa za uchaguzi zilikuwemo, kweli. Lakini siasa haiwashi moto mahali pasipo na kuni, na kuni zetu ni maji na malisho.

Basi zaka ile? Yesu hakusema sadaka itupwe. Alisema iachwe palepale mbele ya madhabahu, mtu aende kwanza akapatane na ndugu yake, kisha arudi aitoe. Msimamo wangu ni huo. Gunia likae pembeni mpaka njia ifunguliwe. Na usiniambie yule wa ng'ombe si ndugu kwa sababu anaswali msikitini. Mwalimu wa sheria alijaribu ujanja huo katika Luka 10, akajibiwa habari za Msamaria.

Liko jambo moja zito. Wako watu ambao kipande cha malka ndicho chote walicho nacho, hasa waliopoteza mashamba mto ulipohama au mafuriko yalipofukia kila kitu. Kumwambia mama mjane aachie njia halafu tumwombee tu, huo si ushauri, ni kumfukuza. Yeye akifungua mlango, kanisa zima limelipwa amani, na kanisa lichange gharama. Mzee wa kanisa anaandika majina ya walio tayari kuachia njia kabla ya mvua za Aprili. Wazee wa Gasa watapima upana pamoja na wafugaji wenyewe, na vijana wetu watafyeka na kulima kipande kingine kwa kila jina. Waje na panga na jembe zao. Mbegu tutatafuta.