Usomaji wa Ardhi na Haki ya Msomaji

Katika uhakiki wa fasihi, tendo la kusoma huhusishwa na matini iliyotungwa na mtu. Wanasayansi wa nyanjani nao husema kwamba huisoma ardhi. Je, kauli hiyo ni sitiari tupu? Na ikiwa si sitiari, ni nani astahiliye kuitwa msomaji?

Mfano wa Kamoya Kimeu unalimulika suala hili. Kimeu, mzaliwa wa Ukambani ambaye elimu yake ya darasani haikuvuka shule ya msingi, alijifunza kutafuta visukuku katika kambi za akina Leakey kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mnamo 1984, huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, alikiona kipande kidogo cha fuvu katikati ya kokoto nyeusi za volkano. Uchimbuzi uliofuata ulifichua sehemu kubwa ya mifupa ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita.

Jicho la namna hiyo halipatikani kwa kukariri vitabu. Hulelewa na miguu, mwaka hata mwaka, hadi mtu akajua mmomonyoko hufunua tabaka gani, maji ya mvua huhamisha nini, na uso wa mfupa hutofautianaje na wa jiwe. Ardhi haina mtunzi wala dhamira, lakini haibembelezeki: kokoto iliyodhaniwa kuwa mfupa hubaki kokoto.

Makala iliyoutangaza ugunduzi huo katika jarida la Nature mnamo 1985 ilikuwa na waandishi wanne. Kimeu hakuwa miongoni mwao. Yamkini mtu atajitetea kwamba kuona si kufasiri, na kwamba kukadiria umri na kulinganisha maumbo ni kazi ya wengine. Hoja hiyo ina uzito, ila inachukulia kwamba jicho hutangulia na fasiri hufuata. Kuamua kwamba hiki ni mfupa wala si jiwe, tena ni fuvu, tena ni la jamii ya binadamu, tayari ni kufasiri.

Ni kweli kwamba Kimeu alituzwa nishani, na sokwe wa kale, Kamoyapithecus, akapewa jina lake. Hata hivyo, kumtuza mtu si sawa na kukiri kwamba alijua. Kimeu alifariki mnamo 2022. Makala ingali inasomeka. Msomaji aliyeitangulia hayumo katika orodha ya waandishi wake. Dhuluma hiyo, basi, haikumpata mtu mmoja tu, bali imeipata elimu yenyewe.