Imetosha

Katika Kiswahili neno moja hufanya kazi mbili. Mgeni akimiminiwa chai husema, "Inatosha," yaani asiongezewe. Fundi cherehani naye, akimvika mteja shati alilomshonea, huuliza, "Limekutosha?" yaani limemkaa vizuri? Kiasi na umbo vyote vimo ndani ya neno lilo hilo. Nilitumia neno hili miaka mingi bila kulitafakari, hadi nilipokitazama kwa makini kibanda cha mchunga mifugo cha huku Ukambani. Hapo nikaona lugha ilikuwa imeshafikiri kabla yangu.

Kambu ni soko kando ya barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, kati ya Kibwezi na Mtito Andei, katika Kaunti ya Makueni. Ni nchi ya mibuyu na udongo mwekundu, na mvua ya kutegemewa kidogo ni ile ya Oktoba hadi Disemba. Zamani malisho yalipopungua karibu na nyumbani, Wakamba waliswaga ng'ombe hadi kwenye weu, nyika iliyokuwa wazi kwa wote. Huko vijana walikaa katika syengo, kambi za mifugo, na huko ndiko kulikohitajika kibanda cha kulala, cha kuwashia moto na cha kusikilizia fisi usiku.

Kibanda hicho hakijengwi kwa futi. Hupimwa kwa shibiri, kwa mkono na kwa pima, yaani kwa mwili wa yule atakayelala ndani. Fito husimikwa kwa duara, zikapindwa na kufungwa juu mithili ya kikapu kilichofunikwa. Mlango huachwa chini, mtu aingie ameinama na joto lisitoroke. Kazi ikiwa kubwa, kama ya nyumba ya boma, huitwa mwethya, ile jumuiya ya majirani wanaosaidiana kwa zamu: huyu na fito, yule na mzigo wa nyasi.

Tazama kifundo kimoja tu. Ugwe ni wa gome la mbuyu, nyuzi zilezile ambazo wanawake wa huku walizisokota wakafuma viondo. Umelowekwa, ni laini mkononi. Fundi anauzungusha mahali fito mbili zinapopishana, anavuta, anazungusha tena, kisha anasita. Kijana anayejifunza angeendelea kuvuta, maana mkono wake bado una nguvu. Mzee anajua kwamba ugwe mbichi hujikaza wenyewe ukikauka, na ukikazwa mno leo utakata ufito kesho. Anaacha nafasi ndogo ambayo jua litaimalizia. "Imetosha," anasema. Nguvu za kukaza kila mtu anazo. Ufundi wenyewe umo katika kule kusita.

Mbuyu nao una hesabu yake. Ukiupita njiani utauona shina limezungukwa na makovu laini kama mishipi, mahali gome lilipobanduliwa likaota tena. Mbuyu huvumilia kubanduliwa kuliko miti mingi, ila ukipewa muda wa kupona. Aliyechukua gome la kifundo chake alimwachia mwenzake wa baadaye. Kutosha, basi, hakuishii kwa mjenzi na kibanda chake. Kunaufikia mti, na kumfikia mtu ambaye hajazaliwa.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni la haki. Je, huku si kuupamba umaskini? Mtoto anayenyeshewa usiku kwa sababu nyasi zimeoza haambiwi kwamba kibanda kinatosha. Kweli, na hapa falsafa isiyo na macho huweza kuwa ukatili. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba mifugo ya Wakamba wa Machakos imezidi, ikaanza kuwachukulia ng'ombe na kuwauza kwa lazima. Haikusema kwa sauti hiyohiyo kwamba malisho ya watu hao yalikuwa yamekwisha kupunguzwa na mipaka ya walowezi. Mwezi Julai maelfu ya watu walitembea kwa miguu hadi Nairobi pamoja na kiongozi wao Muindi Mbingu, wakakaa huko kwa wiki kadhaa wakidai kusikilizwa na gavana. Muindi alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini uuzaji wa lazima ulisitishwa.

Kosa la serikali halikuwa kuuliza ng'ombe wangapi wanatosha. Wachungaji wenyewe hujiuliza swali hilo kila kiangazi. Kosa lilikuwa kukata nguo bila kumpima mvaaji. Kwa hiyo yule mshonaji ananifaa tena: hawezi kusema shati limetosha kabla mteja hajalivaa na kunyoosha mikono. Kutosha kunakoamuliwa na asiyelala ndani ya kibanda ni kunyimwa. Kutosha kunakopimwa kwa mkono wa mlalaji ni uhuru, kwa sababu yeye ndiye mwenye haki ya kusema pia, "Bado, ongeza."

Siku hizi weu umegawanywa mashamba, na sehemu kubwa ya nyika ya jirani imo ndani ya Tsavo, mbuga iliyotangazwa mwaka 1948. Vibanda vya mviringo vimebaki vichache, na mafundi wa jua kali wanaunda milango na vitanda. Silii kwa sababu umbo la zamani linapungua, kwani kibanda cha kuchungia hakikukusudiwa kudumu. Moshi wa mekoni ndio uliozilinda nyasi zake na wadudu. Wenyewe wakihama, moto ukizimika, nacho huanza kurudi ardhini, na hilo halikuwa aibu kwa aliyekijenga. Ninachokitamani kibaki ni ule mkono unaosita, uwe unashika ugwe, randa au mashine ya kuchomelea.

Kuna mti hapa uitwao mukau. Mbao zake haziliwi ovyo na mchwa, na katika kiangazi majani yake huwalisha mbuzi. Mbegu yake imefungwa ndani ya kokwa ngumu, na kuiotesha kwa mkono ni kazi ya subira. Lakini mbuzi hula tunda na kuiacha kokwa zizini, na wakulima wa huku wamezoea kuziokota humo. Kambi ikihamwa, kibanda huanguka, samadi hubaki, na mvua ya Novemba huja. Baadhi ya kokwa hupasuka. Pale ambapo mtu alijenga kwa msimu mmoja tu huota mti wa kutosha kujengea mwingine.