Akiba Haiozi?

Wahenga walisema akiba haiozi. Wahenga haohao wakageuka wakasema ngojangoja huumiza matumbo. Sasa sisi vijana tufuate lipi? Wengi hulipima swali hili kwa pesa, kwa mahindi ya ghalani au kwa uchumba. Mimi, msomaji mpenzi, naomba leo tulipime kwa bia nyeusi, na wasiokunywa watanisamehe.

Sisemi bia za mtaani tunazofungua kwa meno Ijumaa jioni. Hizo hazina cha kungoja. Bia nyepesi ikikaa sana, hasa kwenye joto, oksijeni kidogo iliyobaki chini ya kizibo huifanya inuke kama boksi lililolowa. Nasema zile nzito, kali, kama za watawa wa Ubelgiji. Rochefort 10 ina kilevi cha asilimia 11.3. Kichupa chake cha mililita 330 kinazidi kwa karibu nusu kilevi cha bia ya nusu lita yenye asilimia 5, kwa hiyo usikidharau kwa udogo. Chachu huachwa hai ndani ya chupa. Miaka ikipita, uchungu wa hopsi hupungua, ukali wa kilevi hutulia, na oksijeni ileile iliyoua bia nyepesi huku huzaa ladha ya zabibu kavu na tende.

Kuitunza hakutaki jumba. Inataka giza, maana mwanga huharibu hopsi. Inataka kusimama wima ili machicha yatulie chini. Inataka ubaridi usioyumba, nyuzi 10 hadi 14 hivi, na hapo ndipo Dar inapotushinda: uvunguni mwa kitanda joto hufika 30, na bia inazeeka kabla ya umri kama dereva wa daladala. Mwenye friji aiweke humo. Siku ya kuionja aitoe mapema ubaridi upungue, aimimine polepole kwenye glasi yenye tumbo, anuse kwanza, kisha anywe kidogo na kuiacha ulimini. Atakuta kahawa, sukari guru, pengine na kaharufu ka mkwaju.

Huo ni ufundi tu. Kazi ipo kwenye maadili.

Binamu yangu baharia alipopita bandari ya Antwerp aliniletea chupa tatu. Moja tuliinywa wawili, mbili nikazifungia sandukuni. Bibi yangu, mwenyeji wa Marangu, aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu. "Mjukuu wangu, pombe gani hiyo inafungiwa ndani kama mwali? Unamficha nani?"

Wallahi, swali hilo lilinikaa kooni. Bibi amekulia kwenye mbege. Mbege ni ndizi, kimea cha ulezi na gome la msesewe la kutia uchungu. Ikishaiva ina siku chache tu, baada ya hapo ni siki. Kwa hiyo huwezi kuificha. Ikiiva lazima uite watu: majirani, wakwe, hata yule mliyekosana, maana ugomvi mwingi wa mlimani umemalizwa kwa kata moja ya mbege. Ulanzi wa Iringa vilevile: unagemwa kwenye mianzi wakati wa mvua, na ukilala unabadilika. Vinywaji hivi vimewafundisha watu ukarimu kwa kuharibika upesi. Kinachooza tunagawana. Kinachokaa tunakipiga kufuli.

Na kufuli lina mambo yake. Watawa wa Westvleteren, hukohuko Ubelgiji, huuza bia yao kwa kipimo na humkataza mnunuzi kuilangua. Walanguzi hawakusikia, hata mwaka 2019 watawa wakafungua duka la mtandaoni la kuandikisha wateja ili kuwabana. Chupa inayohama kabati hadi kabati huku bei ikipanda, bila ulimi wowote kuigusa, mimi siiiti bia tena. Ni noti iliyotiwa kizibo.

Basi kutunza ni uchoyo? Sifiki huko. Mwaka 1968 kiwanda cha Eldridge Pope cha Dorchester, Uingereza, kilitengeneza bia kali ya kumkumbuka mwandishi wa riwaya Thomas Hardy, aliyefariki 1928, na kikatangaza kwamba ingeweza kukaa miaka 25. Anayepika kitu cha miaka 25 anamfikiria mnywaji ambaye leo bado ananyonya. Huo nao ni ukarimu, sawa na wa mzee anayepanda mnazi akijua madafu yataangukia wajukuu.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: unamtunzia nani, na mpaka lini? Chupa isiyo na jina la mtu wala siku yake ni uchoyo uliovaa kanzu ya subira. Tena bia yenyewe haitusubiri milele. Ikipitiliza, ladha huanguka, ikawa kama sosi ya soya.

Zangu zina majina. Moja ni ya binamu na Bibi, siku baharia akishuka melini Desemba. Ya pili ni ya riwaya yangu. Mshikaji wangu mmoja aliniuliza, "Na isipochapwa?" Nimeshaiwekea tarehe. Siku hiyo ikifika, imechapwa haijachapwa, kizibo kitatoka na waliopo watakunywa. Nawajua waandishi wa rika letu wenye madaftari manne chini ya godoro, kila mwaka wanasema bado hayajaiva. Mengine yameshapitiliza, na mwenyewe hajui, kwa kuwa hajamwonjesha mtu.

Bibi bado anasema mimi ni mchoyo. Anayeona ana haki aniandikie.