Mizani Isiyo na Mkono

Ndugu yetu mmoja wa mtaani alitujia baada ya sala ya Isha, na mkononi ana barua ya mwanawe ya kuitwa chuo kikuu. Kijana ameitiwa kusoma uhandisi wa mekatroniki, miaka mitano, huko bara. Mzee akatuuliza mambo mawili: ni elimu gani hii ambayo hata jina lake lamshinda kulitamka, na je, yajuzu mtu kujifunza kuunda vyombo vijiendeshavyo vyenyewe?

La kwanza tulimjibu papo hapo kadiri tujuavyo. Jina hilo lilibuniwa Japani mwaka 1969 na mhandisi Tetsuro Mori wa kampuni ya Yaskawa, aliyeunganisha neno la mitambo na neno la elektroniki. Ni elimu ya chombo chenye viungo vya chuma, mishipa ya umeme, na kompyuta ndogo ya kukiamrisha: hupima, hukadiri, kisha hutenda, pasina mtu kukishika. Hapa Kenya husomeshwa Juja, katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, na Nyeri katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Wala asili yake si ngeni kwetu kama wadhanivyo baadhi ya watu. Mwaka 1206 Al-Jazari alikamilisha, huko Diyar Bakr, kitabu chake cha vyombo vya hila, na ndani yake mna saa za maji na pampu na sanamu zijisogezazo. Lakini kumtaja Al-Jazari katika mihadhara, hali pampu ya kisima cha msikiti ikiharibika twangoja fundi atoke mbali, ni kujipamba kwa nguo ya kuazima.

La pili hatukulijibu usiku ule. Jawabu yake tuliipata safarini.

Tulikuwa twaenda Meru kuwazuru ndugu zetu wa huko, tukipita Embu kwa ile barabara izungukayo Mlima Kenya upande wa mashariki, kwa Runyenjes na Chuka. Katika nyanda za juu za Embu alikuwako kijana wa kwetu asomaye elimu hiyo hiyo, mwaka wa nne, naye yu katika mazoezi ya kazi kwenye kiwanda cha chai. Akatupeleka kituo cha kununulia majani mabichi. Baridi ilikuwa ya kutufanya sisi watu wa pwani tuvae kila tulichochukua. Wakulima, wengi wao kina mama, wamepanga safu na magunia yao. Gunia latundikwa, nambari zawaka, kikaratasi chatoka, mkulima hukitia kibindoni akaenda zake. Zamani palikuwa na mizani ya springi na karani wa kusoma mshale. Akikupunja, angalau ulimwona uso.

Kijana akatueleza kilichomo ndani. Mna kipande cha chuma kipindacho kwa uzito, kupinda kusikoonekana kwa jicho. Juu yake pamegandishwa uzi mwembamba wa madini. Chuma kikipinda uzi hunyooka, na umeme hupita kwa taabu zaidi. Kompyuta huisoma taabu hiyo, huigeuza kuwa kilo, hutoa uzito wa gunia, kisha huikata hesabu, ama juu ama chini.

“Kukata huko, Maalim,” alisema, “ni mstari mmoja tu wa programu. Na mstari huo huandikwa na mtu kama mimi.”

Tufanye hesabu. Tuseme mizani imeamrishwa ikate chini daima, na kila mkulima akapoteza gramu 200. Wakiwa wakulima 300, hizo ni kilo 60 kwa siku moja, na mkulima hulipwa kwa kilo. Hatusemi kwamba jambo hilo latendeka Embu wala Meru. Twasema lawezekana, na likitendeka hapataonekana mkono uliolitenda. Karani atasema ni mashine. Meneja atasema ndivyo ilivyoletwa. Aliyeiuza atasema ndivyo mlivyoagiza, na mhandisi atasema niliandika nilivyoambiwa. Sura ya Al-Mutaffifin yawaonya wapunjao watu katika vipimo. Basi hapa onyo lamwangukia nani?

Wanavyuoni wa madhehebu yetu walijadili mnyama aharibuye shamba la mtu. Akiharibu mchana, mwenyewe halipi, kwani mchana ni juu ya mwenye shamba kulilinda; akiharibu usiku hulipa, kwani usiku ni juu yake kumfunga mnyama wake. Wako wasemao kwamba mashine ijiendeshayo ni mfano wa mnyama huyo. Sisi hatuoni hivyo. Ng'ombe huvunja ua kwa kuwa ana njaa, wala hapana aliyemwamrisha. Mizani haina njaa. Haikutamani hata jani moja la yule mama. Kila itendalo liliamuliwa na mtu, ameketi kitini na akili yake timamu, labda miaka miwili kabla na katika nchi nyingine. Aliye karibu zaidi na hukumu hii ni fundi aliyekabidhiwa kazi, au yule ajitiaye utabibu bila ya kujulikana kwa utabibu akamdhuru mgonjwa: dhamana ni juu yake. Umbali haumwokoi. Wala wingi wa washirika hauigawi dhambi mpaka isibaki chembe ya mtu kuichukua.

Na si chai tu. Kusini mwa Embu, Mto Tana, huu uumwagikao kwetu Kipini, umezibwa kwa mabwawa matano ya umeme, tangu Kindaruma mwaka 1968 hata Kiambere mwaka 1988. Na mitambo yake hupimwa mwendo na kuzidishiwa au kupunguziwa maji kwa vyombo vya namna hiyo hiyo.

Hapa tuna neno gumu na wanafunzi wenyewe. Katika maabara hupima kitu kimoja mara kumi, na majibu hayalingani. Mwenye haraka huandika nambari za kulingana, na wenyewe huita “kupika”. Kidole kilichozoea kupika chuoni ndicho kitakachoandika ule mstari.

Basi tulimwambia mzee kwamba yajuzu, na zaidi ya kujuzu. Ikiwa dhulma yaweza kujificha mahali pasipoweza kusomwa ila na aliyesoma elimu hii, mji usio na hata mmoja aisomaye utamtoa wapi shahidi wa mnyonge? Twaiona ni fardhi kifaya.

Lakini yule kijana wa Embu alikuwa na suala lake. “Nikiajiriwa, mkubwa wangu akaniamuru nikate chini, nami mama anitegemea mimi?” Tulimwambia akatae, na kukataa kwake akuandike kwa tarehe. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza: ile miezi atakayokaa bila kazi, msikiti utamlisha?

Hatukuwa na jawabu. Tuliporudi tulilitia jambo hilo katika darasa letu, na ndugu wakakubali kuanza mfuko. Mpaka twaandika haya, kilichomo hakitoshi kumlisha mtu mwezi mmoja.