Je, Ni Dhambi Kutoruka Majini?



Wiki mbili zilizopita, kwenye tafakari ya vijana wa parokia yetu, tulikuwa tunasoma Yohane 15, pale Yesu anapozungumzia mtu anayeutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Binti mmoja akanyoosha mkono akauliza: "Sasa mtu akizama huku namwona, nisiporuka kumwokoa nimetenda dhambi?" Watu wakacheka kidogo. Mwenyekiti akamjibu haraka haraka kwamba upendo hauogopi, tukaendelea na matangazo. Mimi sikucheka. Swali hilo nimeishi nalo miaka sita.

Tulikuwa wanakwaya watano na nahodha kwenye mtumbwi, tunatoka kuimba kwenye kigango kimoja huko visiwani Ukerewe. Jioni, tumeshiba wali na samaki, bado tunaimba. Jaketi la kuokolea lilikuwa moja tu, na mmoja wetu alikuwa amelikalia kama mto kwa sababu ubao umelowa. (Usitushangae sana, huenda nawe umeshalikalia.) Upepo ukageuka. Mwenzetu, mdogo kuliko wote, akasimama ili abadili mahali, wimbi likapiga ubavuni, akaenda majini.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo wengi hatulijui. Mtu anayezama kweli kweli hana pumzi ya kuitia msaada, kwa sababu kila mdomo unapoibuka, kazi yake ni kuvuta hewa tu. Mikono nayo haipungi kama kwenye filamu, inakandamiza maji pembeni, kama mtu anayejaribu kupanda ngazi isiyokuwepo. Sisi tulidhani anatania.

Rafiki yangu hakudhani hivyo. Aliruka na suruali yake ya jinzi na viatu miguuni. Alikuwa anaogelea kuliko sisi sote, amekulia mwaloni. Na alimfikia, jamani, alimfikia kabisa. Yule mdogo akamkumbatia shingo kwa mikono miwili, akapanda juu yake. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa, ila hawakutuambia kwamba atatapatapa juu yako. Wala si ubaya wa moyo. Mwili unatafuta chochote cha kukanyaga ili pua ifike juu, hata kama ni kichwa cha mtu anayekupenda. Walizama pamoja. Wavuvi waliwapata asubuhi yake.

Kwenye mazishi tulihubiriwa kwamba rafiki yangu ni shahidi wa upendo. Nilikaa benchi la nyuma, na kila nilipoambiwa "alijitoa" mimi nilisikia "wewe hukujitoa".

Baada ya miezi kadhaa nilikwenda kitubio. Nikamwambia padre: sikuruka, nilishika ubao wa mtumbwi kwa mikono yote miwili, nikatazama.

Akaniuliza, "Unajua kuogelea?"

"Kidogo sana, Padre."

"Basi ungekuwa wa tatu. Hiyo si dhambi. Endelea."

Hilo neno "endelea" lilinikamata. Nikakaa kimya, halafu likatoka lile ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Chini ya miguu yangu, muda wote ule, kulikuwa na dumu tupu la lita 20, limefungwa kifuniko vizuri, na kamba ya nanga imelala kando yake. Dumu lile lingemwelesha mtu mzima. Walikuwa hatua chache tu kutoka kwetu. Nililikumbuka tulipofika nchi kavu.

Tangu siku ile nimesoma kidogo. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, ana sehemu nzima kuhusu mpangilio wa upendo. Anafundisha kwamba wokovu wa roho ya jirani tunapaswa kuupenda kuliko mwili wetu. Lakini papo hapo anaongeza kwamba upendo haumlazimishi mtu kuhatarisha mwili wake kwa ajili ya mwili wa mwenzake, isipokuwa yule mwenye wajibu huo. Anayejitoa kwa hiari, huyo amefikia ukamilifu wa upendo. Kwa hiyo simwondolei rafiki yangu hata chembe ya sifa yake. Ninachokataa ni kumwambia yule binti kwamba kama hataruka, hana upendo.

Najua kuna atakayeniambia: mbona Yesu hakubaki pembeni na kamba, alikufa msalabani? Kweli. Lakini tazama vizuri Injili. Watu wa Nazareti walipotaka kumtupa kutoka ukingo wa mlima, alipita katikati yao akaenda zake. Hakukipokea kila kifo kilichomjia, alisubiri saa yake, kifo ambacho kingetuokoa. Na yule aliyemwambia ajirushe kutoka kinara cha hekalu, kwa kuwa malaika wangemdaka, alikuwa nani? Tena alitumia Maandiko! Petro alipoanza kuzama ziwani, Yesu alimshika mkono akiwa amesimama juu ya maji. Mimi na wewe hatuna mahali pa kusimama juu ya maji, ila mtumbwi.

Nchi hii ina kumbukumbu yake chungu ya haraka ya namna hiyo. MV Bukoba ilipopinduka tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, watu walikuwa bado hai ndani, wanagonga. Waokoaji wakatoboa bodi ili wawatoe. Hewa iliyokuwa inaielesha meli ikatoka, na meli ikazama. Waliotoboa hawakuwa watu wabaya. Walisikia kilio, wakafanya kile ambacho moyo uliwatuma kufanya. Huwa nawaombea nao, ninapowaombea marehemu wa meli ile.

Basi kwa vile wengi wenu mnapanda mitumbwi, wacha niseme nilivyofundishwa na mzee mmoja mvuvi, maana kwa kweli hili nalo ni katekesi. Aliye karibu mnyooshee kafi au upondo, ukiwa umelala au umepiga magoti, usisimame. Aliye mbali mtupie kitu kinachoelea, dumu, boya, hata jeneza la barafu la samaki, na kama kuna kamba ifunge kwanza. Ukimfuata, mfuate ukiwa na mtumbwi, na umpandishe kwa nyuma, kwa sababu akining'inia ubavuni mtapinduka wote. Ndege ilipoanguka ziwani pale Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi walifika mapema, na walifika na mitumbwi yao.

Na kumbuka, yote haya yanafanyika ndani ya dakika moja au chini ya hapo. Usipokuwa umeshajua dumu liko wapi kabla hujasukuma mtumbwi, hutalikumbuka. Mimi ni shahidi.

Jumapili iliyopita tulivuka tena kwenda kigango kilekile. Mama wa rafiki yangu alikuwa mwaloni, anaanika dagaa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama, kwa sababu alikuwa anahesabu.

"Mwanangu, majaketi ni saba. Ninyi ni wanane."

Nahodha akasema si mbali, mama, na ziwa limetulia. Mama hakumjibu. Alisimama tu pale na ungo wake, ananiangalia mimi.

Nikashuka. Wenzangu walifika salama, wakaimba misa bila besi ya pili. Mimi nilibaki kumsaidia mama kugeuza dagaa, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alinisimulia jinsi mwanawe alivyojifunza kuogelea.