Nani Aliyeujenga Mji wa Tanga?

Majuma machache yaliyopita tulimpokea mgeni kutoka bara, mtu msomi na mpenda historia, aliyetamani kuuona mji wa Tanga. Tulimwonyesha bandari, stesheni, majumba ya kale yenye kuta nene, na barabara za Ngamiani zilizonyoka na kuitwa kwa hesabu. Kisha tukampeleka Raskazone, ambako hata hoteli ilipewa jina la Mkonge. Akatuuliza, "Nani aliyeujenga mji huu?" Tukajibu upesi, "Mjerumani, na baadaye Mwingereza."

Usiku ule jibu letu lilitutaabisha. Halikuwa uongo mtupu, lakini lilikuwa jibu la mtu ausifuye mkeka na kumsahau aliyesuka ukili.

Tanga ilikuwapo kabla ya mkonge, nao wenyeji wake walivua na kufanya biashara tangu zamani. Lakini sura iliyo nayo leo ilitokana na singa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ilipofika pwani yetu, 62 tu ndiyo iliyokuwa hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mwaka huo huo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga, ikafika Moshi mwaka 1911. Kutoka miche ile michache yakaenea mashamba ya Amboni, Muheza, Hale, Korogwe na Mazinde, hata mwaka 1964 nchi yetu ikatoa zaidi ya tani 200,000 za singa, ikiwa ya kwanza duniani.

Basi ni nani aliyezitoa tani hizo? Katika kilo 100 za majani ya mkonge hupatikana kilo 4 hivi za singa. Mkata mkonge huamka alfajiri, hukata majani yenye mwiba nchani na utomvu uwashao ngozi, huyafunga matita ya majani 30, na kuyabeba hadi kwenye reli ndogo ya shamba. Kutoka hapo huenda kwenye korona, mashine ambayo haikumhurumia mkono uliochelewa kutoka. Katika miaka ya 1950 kazi hiyo ilishika watu zaidi ya 100,000. Walitoka Kigoma, Unyamwezi, Songea, Ubena, Burundi na Msumbiji, wengi wao kwa mkono wa SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua iliyoanzishwa mwaka 1944. Kila mmoja alipewa kipande cha siku 30 za kazi, na mshahara ulilipwa kipande kilipojaa. Watu wakawaita manamba, kwa kuwa walijulikana kwa namba kuliko majina.

Wala si Tanga peke yake. Mgeni wetu aliwahi kuzuru Firenze, mji wa Italia uliotajirika kwa nguo za sufu, na njiani alitusimulia uzuri wake. Tuliporudi nyumbani tulifungua vitabu. Mwaka 1331 kazi ya kujenga kanisa kuu la mji ule ilikabidhiwa chama cha matajiri wa sufu, na kuba lake mashuhuri, kazi ya Filippo Brunelleschi, lilikamilika mwaka 1436. Lakini waliochambua na kuchana sufu hiyo, walioitwa Ciompi, walikatazwa kuwa na chama chao. Mwaka 1378 waliasi, wakapata chama, na baada ya majuma machache wakanyang'anywa. Watalii wote wa Firenze hulijua jina la Brunelleschi. Ni wangapi wawajuao Ciompi?

Nasi tunao wetu. Mwaka 1939 makuli wa bandari ya Tanga waligoma wakidai ujira. Mwaka 1958 wakagoma wafanyakazi wa shamba la Mazinde. Vijana wetu wa shule hulitaja jina la Hindorf bila kusita, lakini migomo hiyo ni wachache waliopata kuisikia.

Kuna wasemao: manamba walikuja kwa hiari, wakalipwa, wakaenda zao, aliyekwisha kulipwa hana la kudai. Hoja hii yafaa kujibiwa kwa haki, maana ina sehemu ya kweli. Wako waliokuja kwa kutamani nguo, baiskeli, na kuiona pwani. Lakini hiari ya mtu anayedaiwa kodi ya fedha, katika nchi isiyo na kazi nyingine ya fedha, ni hiari nyembamba sana. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, miaka miwili tu kabla ya miche kufika Kikogwe, alifundisha kwamba mapatano peke yake hayaufanyi mshahara kuwa wa haki, ikiwa haumtoshi mfanyakazi kuishi. Tena, hata mshahara wa haki hununua kazi ya siku. Haununui ruhusa ya kumsahau aliyeifanya.

Wengine watasema: ikiwa uzuri wa mji umetoka katika jasho lisilolipwa sawasawa, basi uzuri huo ni haramu, na tusiusifu. Hilo nalo hatulikubali. Kuuchukia ukuta hakumwongezei mwashi senti moja. Kuba la Firenze ni la Ciompi pia, na stesheni ya Tanga ni ya manamba pia. Kosa halimo katika kuusifu mji; limo katika kuwapa sifa waliotoa amri peke yao.

Deni hili haliwezi kulipwa kwa wafu; hulipwa kwa walio hai. Nyuzi za viwandani zilipoushusha mkonge, na baada ya mashamba mengi kutaifishwa mwaka 1967, mavuno yalipungua mwaka hata mwaka, yakawa tani 20,000 hivi mwishoni mwa miaka ya 1990. Wenye mitaji waliweza kwenda kutafuta biashara nyingine. Lakini wazee wengi wa namba walibaki katika kambi za mashamba, mbali na kwao, nao wajukuu wao wako huko hata sasa. Leo mkonge unainuka tena, na twafurahi. Lakini tutaifurahia bei ya singa bila kumwuliza mkataji analipwaje, analala wapi, na anatibiwa wapi akichomwa na mwiba? Tukinyamaza, tutakuwa tumelirudia kosa la zamani tukiwa na macho mawili.

Yatupasa basi kuanza na lililo jepesi. Mwenye babu aliyekata mkonge amwulize habari zake angali hai, aziandike, pamoja na jina lake kamili na kijiji alichotoka. Mwalimu awapeleke wanafunzi wake shambani na si bandarini tu. Na mwenye shamba akumbuke kwamba anayempa kazi ni mtu kabla ya kuwa hesabu katika daftari.

Sisi tumekwisha kumwandikia mgeni wetu barua, kusahihisha jibu letu. Tumemwambia kwamba Wazungu walileta miche na ramani, na kwamba mji wa Tanga ulijengwa na watu wa Kasulu, Songea, Tabora na Msumbiji, pamoja na Wadigo, Wabondei na Wasambaa wa hapa hapa; na kwamba kila mmoja wao alikuwa na jina.