Maria Alimwuliza Kwanza

Mtakatifu Luka asimulia habari ya Yezu alipokuwa na umri wa miaka 12. Yozefu na Maria walikuwa wamekwenda naye Yeruzalemu kwa sikukuu ya Pasaka, kama ilivyokuwa desturi yao kila mwaka. Sikukuu ilipokwisha, wakashika njia ya kurudi Nazareti pamoja na watu wa kwao. Wakaenda mwendo wa siku nzima wasimwone mtoto, nao hawakufadhaika, maana walidhani yumo katika msafara. Wazazi wale hawakuwa wazembe. Walimjua mtoto wao, tena walimtumaini. Lakini alipokosekana kwa ndugu na kwa rafiki, hawakusema: «Atakuja mwenyewe.» Walirudi njia yote ile wakimtafuta, na baada ya siku tatu wakamkuta hekaluni, ameketi kati ya walimu.

Wakatekumeni wamesikia habari hii mara nyingi. Huenda hawajaona jinsi inavyohusu jambo linaloleta ugomvi katika nyumba nyingi siku hizi, yaani telefoni ya mtoto.

Katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Tanganyika palikuwa na baba aliyekuwa akijitayarisha kwa ubatizo. Binti yake wa miaka 15 alikuwa amepewa na mjomba wake telefoni ya kioo, ile ya kupangusa kwa kidole. Kijijini hapo mtandao haushikwi ila juu ya kilima, na jioni vijana wote hupanda huko. Baba akaona binti yake arudi kimya, hagusi chakula, na usiku aficha telefoni chini ya mkeka. Basi usiku mmoja, mtoto alipolala, akaitwaa. Namba ya siri aliijua, kwa kuwa alimchungulia siku moja alipokuwa akiiandika. Akasoma maneno ya mwanamume mgeni, maneno ya kubembeleza, na ahadi ya kumlipia shule mjini. Hakusoma zaidi. Alimwamsha mtoto kwa fimbo, na asubuhi akaitupa telefoni ziwani.

Lau angesoma mpaka mwisho, angaliona kwamba binti alikuwa amekataa. Mwanamume yule, baada ya kupewa jina la shule na picha ya uso wake, alimwagiza aje peke yake bandarini, asiwaambie wazazi, la sivyo ataieneza picha hiyo pamoja na masingizio. Mtoto alikuwa akitafuta namna ya kumweleza mama yake. Sasa angeeleza nini, naye amekwisha kupigwa? Akanyamaza. Mgeni hakunyamaza: aliendelea kumtisha kwa njia ya telefoni ya rafiki yake. Na maneno yote ya kwanza, ambayo yangaliweza kumshtaki mtu huyo, yalikuwa yamezama ziwani pamoja na telefoni.

Baba alipomweleza katekista jinsi alivyoilinda nyumba yake, katekista alimwuliza neno moja tu: «Ndugu, ulimwuliza nini mtoto?»

«Sikumwuliza, Mwalimu. Nilisoma.»

Hapo katekista akamrudisha hekaluni. Maria alikuwa na uchungu wa siku tatu, wala hakuuficha. Alimwambia Mwanawe wazi jinsi yeye na Yozefu walivyomtafuta kwa huzuni, akamwuliza sababu. Alimwuliza kwanza. Akapewa jibu ambalo wote wawili hawakulielewa. Hata hivyo hakumlazimisha azidi kueleza. Aliyaweka yote moyoni mwake. Naye Yezu, Mwana wa Mungu, akashuka pamoja nao mpaka Nazareti, akawatii.

Swali: Je, mzazi ana haki ya kuiangalia telefoni ya mtoto wake?

Jibu: Anayo, tena ni wajibu wake. Amri ya Nne yamwagiza mtoto kuwaheshimu wazazi, nayo yawadai wazazi malezi na ulinzi.

Swali: Je, aiangalie kwa kunyemelea?

Jibu: Hapana. Mchungaji huingia kwa mlango, na kondoo wamwona. Arukaye ukuta usiku ni mwizi. Ila hatari kubwa ikionekana, kama vile mtoto kutaka kutoroshwa, mzazi na aingie bila kubisha, kisha amwambie mtoto alilofanya.

Kuna watu wauzao programu za kufichwa ndani ya telefoni ya mtoto, zipate kumpelekea mzazi kila neno na kila picha. Mzazi apendezwaye nazo na afikiri kidogo. Maneno hayo hupitia kwanza katika mashine za watu asiowajua, na mara kadhaa wezi wamevunja hazina za namna hiyo na kuyatwaa yaliyomo. Hivyo mwenye kutaka kuufunga mlango aweza kuufungua kwa mkono wake mwenyewe.

Tena moyo wa mtu una chumba ambacho Mungu peke yake huingia bila kuitwa. Padri asikiaye maungamo, hata ya mtoto mdogo, hawezi kuyafunua kwa baba wala kwa hakimu, hata akitishiwa kuuawa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha chini ya Amri ya Nane kwamba siri za watu ziheshimiwe. Papa Fransisko naye, katika barua yake juu ya furaha ya upendo, mwaka 2016, aliwaonya wazazi kwamba hawawezi kutawala kila hatua ya mtoto, na kwamba swali kubwa si mahali ulipo mwili wake, bali mahali ilipo roho yake. Ni kweli kwamba mtoto wa miaka 8 hahitaji siri nyingi, wala telefoni yake mwenyewe. Wa miaka 15 ni mwingine. Hata baba yule, kama mkewe angalisoma telefoni yake usiku, pasingalikalika nyumbani.

Jioni ile baba alimwita binti yake nje, chini ya mti, akamwomba radhi kwa ajili ya fimbo. Jambo hilo lilimwia gumu kuliko katekisimu yote. Mtoto alilia sana, kisha akasema yote. Kesho yake wakaenda wote watatu, pamoja na katekista, kwa mkuu wa kijiji na kwa polisi, wakichukua telefoni ya yule rafiki, ambayo hakuna aliyefuta neno ndani yake.

Baada ya miezi michache mjomba akaleta telefoni nyingine. Wazazi wakapatana mbele ya binti: namba ya siri wataijua, lakini hawataifungua yeye asipokuwapo, mgeni akiomba picha, jina la shule au namba ya siri ya fedha, aseme siku hiyohiyo, naye hatapigwa, maongezi yake na rafiki zake ni yake, na usiku telefoni italala juu ya kabati sebuleni. Binti akakubali, kisha akauliza: «Na ya Baba, italala wapi?»

Mama akacheka. Baba akakaa kidogo, akaitoa mfukoni, akaiweka juu ya kabati kando ya ile nyingine.